Koni ya Rangi ya Machungwa Isiyochagua Faili

Je, wajua kwamba ile programu yenye picha ya koni ya barabarani, iliyojaa kwenye kompyuta za majumbani, shuleni na steshenari, ilizaliwa kwa sababu wanafunzi wa Ufaransa walichoshwa na mtandao wa bweni uliokuwa ukijikokota?

Jina lake ni VLC, na wengi huijua siku ya shida. Mpiga picha wa harusi ameleta flashi, familia imekusanyika sebuleni, faili linabofywa, halafu kicheza video kilichokuja na kompyuta kinatoa sauti bila picha au kinagoma kabisa. Kijana mmoja anasema, "Weka VLC." Koni inafunguka, na bibi harusi anaonekana akiingia ukumbini. Flashi ni ileile na faili ni lilelile. Kilichobadilika ni programu inayolisoma.

Ili kuelewa tofauti hiyo, inafaa kwanza kujua video ni mzigo mkubwa kiasi gani. Picha moja ya ubora wa HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, jumla nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa rangi yake kwa baiti 3, na picha 25 zikipita kila sekunde, sekunde moja tu ya video inakula zaidi ya megabaiti 155. Kwa hesabu hiyo, flashi ya GB 64 ingejaa kabla ya dakika 7 kwisha, hata maharusi hawajafika mezani.

Hapo ndipo kodeki inapoingia. Kodeki ni kanuni ya kuikunja video wakati wa kuihifadhi na kuikunjua wakati wa kuitazama. Bibi harusi anapotembea, pazia la nyuma yake halisogei. Kodeki huliandika pazia mara moja, kisha katika picha zinazofuata huandika tu kilichobadilika: shela, mikono, maua. Ndivyo gigabaiti mia kadhaa zinavyogeuka kuwa chache.

Lakini mikunjo iko ya namna nyingi. DVD hutumia MPEG-2, video nyingi za mtandaoni H.264 au VP9, na simu nyingi za siku hizi huweza kurekodi kwa H.265. Herufi za mwisho za jina la faili, kama .mp4 au .mkv, hutaja kasha tu, wala hazisemi kilichokunjwa ndani kimekunjwaje. Ndiyo maana mafaili mawili ya .mp4 yanaweza kukaa kwenye flashi moja, moja likacheza na jingine likakataa. Miaka ya mwanzo ya 2000, mtumiaji wa Windows alilazimika kutafuta kodeki mtandaoni na kuziweka moja baada ya nyingine, na mara nyingine alichopakua kilikuja na virusi. VLC ilimwondolea adha hiyo kwa kubeba vikunjuzi vyake ndani yenyewe, vingi vikitoka katika mradi huria wa FFmpeg.

Habari yenyewe ilianza mwaka 1996 katika chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris. Mtandao wa bweni ulikuwa wa teknolojia ya zamani, na wanafunzi walitaka wa kasi zaidi, pamoja na mambo mengine, ili wacheze michezo ya kompyuta. Mtandao mpya ni gharama, na gharama hutaka sababu nzito. Sababu ikapatikana kwenye televisheni: badala ya kila mwanafunzi kuwa na dishi na king'amuzi chake, liwepo dishi moja kubwa, na matangazo yasambazwe kwa nyaya za mtandao hadi kwenye kompyuta za vyumbani. Mradi ukaitwa VideoLAN. Ulikuwa na sehemu mbili: seva iliyorusha picha, na programu ya kuzipokea iliyoitwa VideoLAN Client. Kifupi chake ndicho VLC.

Mwaka 1998 wanafunzi waliiandika upya kuanzia mwanzo, na tarehe 1 Februari 2001, kwa ridhaa ya uongozi wa chuo, msimbo wake ukatolewa kwa leseni huria ya GPL. Tangu siku hiyo yeyote duniani ana haki ya kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Koni nayo ni kumbukumbu ya bwenini: wanafunzi walikuwa na mazoea ya kukusanya koni za barabarani. Kila inapokaribia Krismasi, koni hiyo huvishwa kofia nyekundu kwenye skrini.

Asili hiyo ya kupokea matangazo ndiyo iliyoipa VLC uvumilivu wake. Picha zinazorushwa kwenye mtandao hufika vipandevipande, na vipande vingine hupotea njiani. Mpokeaji akisubiri kila kitu kitimie, hatatazama chochote. Kwa hiyo VLC ilifundishwa tangu utotoni kucheza kilichofika na kuruka kilichopotea.

Mfano mzuri ni faili la AVI ambalo upakuaji wake umekatika bando lilipoisha. Kwenye AVI, faharasa inayoonyesha kila picha iko wapi huwekwa mwishoni, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukosekana. Vicheza video vingi hufika hapo vikakata tamaa. VLC humuuliza mtumiaji kama anataka itengeneze faharasa upya, halafu inapitia faili lote na kuiunda. Si kila faili huokoka: MP4 iliyokosa sehemu inayoeleza mpangilio wake huwa imekwisha, hata kwa VLC. Lakini kabla ya kulifuta faili lililogoma, linastahili kujaribiwa hapa kwanza.

Watu wengi huishia kwenye kubofya faili na kutazama, ilhali koni ina mengi zaidi. Kwenye Windows, vitufe vichache tu vinaokoa muda mwingi.

Maandishi ya chini ya picha yakichelewa nyuma ya maneno ya waigizaji, kitufe cha G huyavuta mbele, na H huyarudisha nyuma, kila mbofyo ukiwa milisekunde 50. Sauti isipolingana na midomo, J na K hufanya kazi hiyohiyo. Aliye na filamu yenye lugha mbili abonyeze B kuchagua sauti, na V kuchagua maandishi.

Kwa mwanafunzi, hazina iko kwenye mabano ya mraba. Kitufe cha ] huongeza kasi kidogokidogo, kitufe cha [ huipunguza, na alama ya = huirudisha ya kawaida. Mhadhara wa saa moja ukichezwa kwa kasi ya mara 1.5 huisha kwa dakika 40, na sauti ya mhadhiri haigeuki kuwa nyembamba. Anayejifunza gitaa, ushonaji au lugha ya alama anaweza kupunguza kasi, au kubonyeza E ili video isogee picha moja baada ya nyingine, mpaka aone kidole kimewekwa wapi hasa. Ctrl na T hufungua kidirisha cha kuandika dakika anayotaka kurukia. Shift na S hupiga picha ya kilichoko kwenye skrini na kuihifadhi.

Video iliyorekodiwa kwa sauti ndogo nayo ina dawa. VLC inaruhusu sauti kupandishwa kupita asilimia 100, hadi 200 kwa kuzungusha gurudumu la kipanya juu ya picha. Itumiwe kwa kiasi, maana sauti iliyokuzwa mno hukwaruza na inaweza kuumiza masikio na spika ndogo za kompyuta ya mapakato.

Kazi nyingine ni kubadilisha faili. Ctrl na R hufungua ukurasa wa kugeuza: mtu anachagua video ya kwaya, kaswida au hotuba, anateua MP3, anataja mahali pa kuhifadhi, na anabaki na sauti pekee, ambayo ni nyepesi zaidi kutuma kwa simu. Toleo la Android nalo lina njia ya kuicheza video kama sauti tu huku skrini imezimwa, jambo linalopunguza mzigo kwa betri.

Kinachostahili heshima zaidi ni kwamba yote haya hayana tangazo hata moja. Tangu 2009 VLC inasimamiwa na VideoLAN, shirika lisilo la faida linaloongozwa na Jean-Baptiste Kempf, aliyejiunga na mradi akiwa mwanafunzi wa chuo hichohicho. Kempf ameeleza hadharani kwamba alikataa makumi ya mamilioni ya euro kutoka kwa waliotaka kuweka matangazo ndani yake. Januari 2025 shirika lilitangaza kwamba programu imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6. Kwa mtu anayelipia bando kwa megabaiti, programu inayofanya kazi bila intaneti na isiyomletea matangazo yasiyoombwa inamwokolea pesa halisi.

Umaarufu huo umevutia matapeli pia. Ziko tovuti zinazotoa nakala zilizochezewa, na nyingine hudai malipo. Tovuti halali ni videolan.org. Ukikuta mahali pengine unaombwa pesa au namba ya kadi ili kuipata VLC, ondoka: programu hii ni ya bure kwa kila mtu.