Gego la Miaka Sita Lizibwe Kabla Halijatoboka

Mtoto akikaribia miaka sita, macho ya nyumba nzima huwa kwenye meno ya mbele. Hayo ndiyo yanayolegea, ndiyo yanayoacha pengo, na ndiyo yanayomtangazia kila mtu kwamba mtoto anabadili meno. Wakati huohuo, nyuma kabisa, linachomoza jino jingine kimyakimya. Halichukui nafasi ya jino lililong'oka. Linatoboa fizi taratibu nyuma ya gego la mwisho la utotoni, na watoto wengi hata hawalalamiki. Hilo ni gego la kwanza la kudumu. Katika meno ya kudumu ya watoto wa shule, hakuna linalooza mara nyingi kama hilo.

Mzazi huja na mtoto wa darasa la tatu au la nne aliyevimba shavu. Nikimwonyesha jino lenye shimo, jibu huwa lilelile: "Si la utotoni hilo, daktari? Ling'oe tu, litaota jingine." Haliwezi kuota jingine. Mtoto huyo wa miaka tisa anatakiwa kulitafunia jino hilo mpaka uzeeni, na limeshafika mwisho wake kabla hajamaliza shule ya msingi.

Kulitambua si kazi ngumu. Mwanao akiwa ameasama, anza kuhesabu katikati ya meno ya mbele, uende upande mmoja. Meno ya utotoni ni matano kila upande, juu na chini. La sita ni la kudumu. Hata kama baadhi ya yale matano yameshabadilika, la sita linabaki kuwa la sita. Ukikuta pengo, lihesabu kama jino. Kinywa kizima kina magego manne ya namna hii, na karibu na miaka 12 huota mengine manne nyuma yake.

Kwa nini gego hili lioze upesi kiasi hicho? Litazame juu, pale linapotafunia. Utaona mifereji imepita huku na huku na kukutana katikati. Mingine ni myembamba kuliko unywele wa mswaki na inashuka mbali chini. Mswaki unapita juu yake kama ufagio unavyopita juu ya ufa wa sakafu. Biskuti iliyotafunwa ikakandika humo, au ubuyu wa sukari, au kashata, haitoki kwa kusukutua. Bakteria waishio kinywani hula sukari hiyo na kuigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo huondoa madini kwenye enameli, lile gamba gumu la nje. Kwa kuwa kazi hii inafanyika chini ya mfereji, juu unaweza kuona doa dogo tu la kahawia, huku ndani shimo limeshapanuka.

Kuna jambo jingine wazazi wengi hawalijui. Gego hili huchukua muda mrefu kupanda, mara nyingi zaidi ya mwaka mzima, kabla halijafikia kimo cha jirani zake na kukutana na mwenzake wa taya la pili. Muda wote huo liko chini kidogo, na mswaki unaosuguliwa mbele na nyuma unaliruka. Enameli yake nayo ni changa, haijakomaa. Ndiyo maana nawaomba wazazi wageuze mswaki kwa gego hilo: uingizwe kutokea upande wa shavu, umelikata jino kwa upana, kisha lisuguliwe peke yake. Na mzazi ndiye asugue. Mtoto wa miaka sita hana mkono wa kufika huko.

Dawa ya mswaki yenye floridi ni kinga kubwa, na sitaki mtu aisome makala hii akadhani inaweza kuachwa. Ila floridi hufanya kazi vizuri zaidi kwenye kuta laini za jino kuliko ndani ya mifereji. Mifereji inahitaji kuzibwa. Dawa ya kuizibia huitwa silanti.

Msingi wake uliwekwa mwaka 1955 na Michael Buonocore, mtafiti wa meno huko Rochester, New York. Alijua kwamba viwandani chuma hupakwa asidi ya fosforasi ili rangi ishike vizuri, akajiuliza kama jino nalo linaweza kufanyiwa hivyo. Likaweza. Asidi ilikwangua enameli kidogo sana, ikaacha vijitundu visivyoonekana kwa macho, na plastiki iliyopakwa juu yake ikang'ang'ania. Hadi leo, kila silanti ya resini inashikilia jino kwa njia hiyo.

Kliniki, kazi yenyewe huwa hivi. Jino linasafishwa kwa brashi ndogo, kisha linazungushiwa pamba ili mate yasilifikie. Linapakwa jeli ya asidi, mara nyingi ya rangi ya bluu, kwa nusu dakika au pungufu. Jeli inaoshwa, jino linakaushwa kwa hewa, na uso uliokuwa uking'aa unageuka mweupe kama chaki. Weupe huo ndio daktari anaoutafuta. Usipotokea, au mate yakiligusa jino, anarudia. Baada ya hapo resini, ambayo ni majimaji mazito, inaongozwa ndani ya mifereji kwa ncha ya kifaa na kumulikwa taa ya bluu. Ndani ya sekunde chache imekuwa ngumu. Mtoto anaambiwa aume karatasi ya rangi ili ionekane kama kuna mahali imezidi, kisha anakwenda zake. Hakuna sindano ya ganzi, hakuna mashine ya kutoboa, na hakuna kilichokatwa kwenye jino. Kwa gego moja ni dakika chache.

Na faida yake? Kwa mujibu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, silanti huzuia asilimia 80 ya kutoboka kwa magego katika miaka 2 ya kwanza, na huendelea kuzuia asilimia 50 hadi miaka 4. Kwa kazi isiyomtia mtoto maumivu, sijui kinga nyingine ya jino inayofikia hapo.

Sasa msomaji wa wilayani ataniuliza: taa ya bluu, hewa ya kukaushia, umeme wa uhakika, vyote hivyo viko wapi? Swali hilo lilipata jibu hapahapa Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi aliyekuwa akifundisha jijini, alianza kuwatibu watu kwa vifaa vya mkono pekee. Mashine hazikuwepo au hazikufanya kazi, na kilichobaki kilikuwa kung'oa. Njia hiyo, inayojulikana duniani kwa kifupi kama ART, ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitambulisha kwa nchi zote.

ART ina sehemu mbili: kutibu jino lililotoboka na kuziba mifereji ya jino zima. Kinachotumika ni saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma. Mtoto hulazwa juu ya meza darasani, karibu na dirisha. Tabibu wa meno huchanganya unga na majimaji yake, huipaka saruji kwenye mifereji, kisha hujipaka mafuta ya mgando kwenye kidole kilichovaa glovu na kulikandamiza jino kwa sekunde kadhaa. Saruji inasukumwa hadi chini ya mifereji, inayozidi inatokea pembeni na kuondolewa. Mtoto anaambiwa asile kwa saa moja. Basi.

Glasi ayonoma huchakaa mapema kuliko resini, hilo nalikubali. Lakini mara nyingi hata ikionekana imetoka, mabaki yake yanakuwa yamebaki chini ya mfereji, na hutoa floridi kidogo kidogo pale inapohitajika hasa. Tena haisumbuliwi sana na unyevu, kwa hiyo ndiyo ninayoichagua kwa gego ambalo bado limefunikwa nusu na fizi, pale ambapo resini ingebanduka. Tangu 2021 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Wazazi hunisumbua kwa swali moja, na ni swali zuri: je, doa likishakuwepo tumechelewa? Inategemea. Kama enameli bado haijavunjika, kuziba kunaruhusiwa na kunashauriwa. Bakteria waliofungiwa bila sukari hudhoofika, na uozo husimama. Kama shimo limeshafunguka, hilo linahitaji kutibiwa. Na jino lililozibwa bado linapigwa mswaki mara mbili kwa siku, kwa sababu silanti inalinda juu tu, haigusi pale meno yanapogusana. Kila miezi sita daktari aiangalie. Ikiwa imemeguka, anaongeza.

Kwa wazazi wa Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa ambako maji yana floridi nyingi mno: meno ya kahawia ya watoto wenu hayajaoza, lakini msidhani kwamba hayaozi. Enameli yenye vishimo hushika uchafu. Nayo inaweza kuzibwa. Asidi tu ndiyo huachwa kwa muda mrefu kidogo.

Linaloniuma ni kwamba mtoto wa Kitanzania bado hukutana na daktari wa meno kwa mara ya kwanza siku ya kung'olewa jino, wakati njia ya kumkinga bila umeme ilianzia katika nchi yake. Dawa za minyoo na kichocho tunazipeleka shuleni. Tabibu mmoja wa meno mwenye boksi la vifaa vya mkono anaweza kufuatana na timu inayozipeleka, akaanza na darasa la kwanza. Halmashauri zinazopanga bajeti za afya ziliweke jambo hili mezani.

Nawe mzazi usiisubiri halmashauri. Jioni hii, mtoto akiwa anapiga mswaki, washa tochi ya simu na uhesabu. Ukiliona la sita, mpeleke kliniki ya meno iliyo karibu na umwambie daktari kwamba umemleta azibwe mifereji, jino likiwa bado zima.