Je, Wajua Tao la Galileo Lilivyogeuka Uwanja wa Kuchezea?

Kiangazi cha mwaka 2024, Paris ilipopokea Michezo ya Olimpiki, uwanja ulio mbele ya jumba la sanaa la Centre Pompidou uliwekewa sanamu ya aina yake: sanamu ya kupandwa. Vijana walifika na skeitibodi, zile mbao zenye magurudumu manne madogo, wakateremka upande mmoja na kupandia wa pili. Asiye na ubao aliweza kusimama kando akatazama. Kazi hiyo inaitwa Cycloïde Piazza, na walioibuni ni msanii Raphaël Zarka pamoja na msanifu majengo Jean-Benoît Vétillard.

Zarka alizaliwa mwaka 1977 mjini Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Ni mchongaji, na ni mtelezaji wa skeitibodi pia. Ameandika vitabu kadhaa kuhusu mchezo huu. Kwa miaka mingi amekuwa akikusanya picha za watelezaji wakiwa juu ya sanamu za mijini, wakiruka kutoka kwenye mabamba ya chuma yaliyoinama au kusugua mbao zao kwenye kingo za zege. Sanamu hizo hazikuchongwa kwa ajili hiyo. Waliozichonga walikusudia zitazamwe tu. Lakini mtelezaji hatazami kama mpita njia. Anapima mteremko, anachunguza ulaini wa uso wake, anakadiria kasi itakayomfikisha ng'ambo. Kwangu mimi, huyo ni mtazamaji makini kuliko wengi wanaolipa kiingilio.

Basi, sanamu itakayotengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtazamaji wa namna hiyo iwe na umbo gani? Zarka alilipata jibu kwa Galileo, mwanasayansi wa Italia.

Chukua baiskeli. Tia nukta ya chokaa kwenye tairi, kisha isukume polepole sambamba na ukuta huku ukiifuata nukta kwa macho. Itaanzia chini, itapaa hadi kilele cha gurudumu, halafu itashuka mpaka iguse ardhi tena. Njia iliyopita hewani ni tao pana, nalo ndilo saikloidi. Jina hilo lilitolewa na Galileo Galilei. Alitaka kujua ukubwa wa eneo lililo chini ya tao, na kwa kuwa hisabati ya zama zake haikumfikisha huko, alikata mabamba mawili, moja la umbo la tao na jingine la umbo la gurudumu, akayaweka kwenye mizani. Tao lilikuwa na uzito wa karibu mara tatu ya gurudumu. Mwaka 1634 Mfaransa Gilles de Roberval alithibitisha kwa hesabu kwamba ni mara tatu kamili. Miaka 24 baadaye Christopher Wren, yuleyule aliyekuja kujenga kanisa kuu la St Paul's mjini London, alionyesha kwamba urefu wa tao ni mara nne ya kipenyo cha gurudumu.

Sasa lipindue tao, liwe bonde. Mholanzi Christiaan Huygens, aliyekuwa akihangaika kutengeneza saa za pendulumu zisizopoteza majira, aligundua mwaka 1659 kwamba gololi ikiachiwa ndani ya bonde hilo hutumia muda uleule kufika chini, iwe imeanzia ukingoni kabisa au karibu na sakafu. Ya juu ina safari ndefu, ila mteremko wake ni mkali na kasi inaipata mapema. Ya chini ina safari fupi, ila inaondoka taratibu. Mwendo na umbali hufidiana bila salio.

Kisha mwaka 1696 mwanahisabati Johann Bernoulli aliwapa wenzake wa Ulaya fumbo: kutoka nukta ya juu hadi nukta ya chini iliyo kando yake, njia ipi itaifikisha gololi mapema zaidi ikivutwa na uzito wake tu? Mstari ulionyooka ndio mfupi kuliko njia zote, lakini Galileo alikwishaonyesha kwamba tao la duara linaushinda. Na tao la duara nalo linashindwa na saikloidi. Isaac Newton alifumbua fumbo hilo, jibu lake likachapishwa bila jina.

Hesabu hizo zote zinachukulia kwamba hakuna msuguano, na kwenye mteremko halisi msuguano upo. Magurudumu ya plastiki ya poliyurithani, yaliyoenea miaka ya 1970 na kuyaondoa yale ya chuma na ya udongo, yaliupunguza mtikisiko huku yakishika sakafu vizuri. Nishati inayopotea huirudisha mtelezaji mwenyewe. Huchuchumaa kabla ya mkunjo, akajinyoosha akiwa ndani yake, kama mtoto anavyojiongezea mwendo kwenye bembea bila kusukumwa. Mabonde mengi ya skeitibodi hujengwa kwa tao la duara, ambalo hupinda sawasawa kutoka juu hadi chini. Saikloidi hupinda kwa ukali karibu na ukingo, kisha hulegea kadiri unavyoshuka, na tofauti hiyo huisikia miguu.

Viwanja vilivyotengwa kwa mchezo huu vina thamani yake. Kule Kitintale, Kampala, vijana wana wao tangu mwaka 2006, na wengi wamejifunzia hapo. Hata hivyo uwanja wa pembeni huwakusanya waliokwisha kuupenda mchezo. Sanamu iliyo katikati ya jiji huwakutanisha kijana na bibi aliyetoka sokoni, mtalii, na mtoto ambaye hajawahi kuona skeitibodi. Ndiyo maana naona mahali ilipowekwa kazi ya Zarka palikuwa na uzito sawa na hesabu zake.

Miji mingi imekwenda kinyume, ikapigilia vyuma kwenye kingo za mabenchi ili mbao zisipite. Philadelphia, Marekani, ilikuwa na uwanja wa graniti uliojulikana kwa jina la LOVE Park, kutokana na sanamu ya LOVE ya msanii Robert Indiana iliyosimama hapo, na watelezaji wa dunia nzima waliujua. Jiji liliandaa mashindano ya X Games, yenye skeitibodi ndani yake, mwaka 2001 na 2002, huku likipiga marufuku mchezo huo katika LOVE Park na kuwafukuza vijana wake. Oktoba 2002 Edmund Bacon, mpangaji miji aliyekuwa na wazo la uwanja huo tangu ujana wake, alifika akiwa na umri wa miaka 92, akapanda skeitibodi huku ameshikiliwa, mbele ya waandishi wa habari, kuipinga marufuku hiyo. Haikuondolewa. Mwaka 2016, kabla uwanja haujavunjwa, meya Jim Kenney aliwafungulia watelezaji kwa siku chache waagane nao. Sehemu ya graniti yake ilisafirishwa hadi Malmö, Uswidi, ambako manispaa iliajiri mtumishi wa kuratibu skeitibodi, ili watelezaji wa huko waitumie.