Wafasiri Wawili Katika Kompyuta Moja

Kompaila ni mfasiri: huyachukua maandishi ya programu yaliyotungwa na mtu na kuyageuza kuwa amri ambazo mtambo waweza kuzitekeleza. Lakini hafanyi kazi peke yake. Pamoja naye wamo kiunganishi na maktaba ya shughuli zilizokwisha kutayarishwa, na kundi hili lote hupaswa kuafikiana. Mtaalamu wa lugha mwenye programu ya zamani ya kuchambua maneno, naye ahitaji pia kutumia mpya, hulazimika kuweka makundi mawili pamoja; kuliondoa la zamani ni kuyaacha matokeo ya uchunguzi wake yasiweze kuhakikishwa tena.

Ugomvi wa kwanza ni wa jina. Katika mfumo wa Linux, mtu aandikapo gcc, kompyuta huipitia orodha ya saraka iitwayo PATH, ikianzia kushoto, na faili ya kwanza yenye jina hilo ndiyo itumikayo. Kwa hiyo kila toleo hupewa jina lenye namba yake, kama gcc-4.9 na gcc-5, na jina tupu huachwa liwe kiungo tu. Debian ina chombo cha kugeuzia viungo hivyo, update-alternatives; chafaa, ila hubadili mambo kwa watumiaji wote wa mashine. Ni heri kulitaja toleo ndani ya kazi yenyewe, CC=gcc-4.9 pamoja na CXX=g++-4.9, kwani wengi huitaja ya kwanza wakaisahau ya pili.

Ugomvi wa pili ni mzito zaidi, nao wanaisimu watautambua upesi: neno moja, maana mbili. GCC 5 ilipotolewa mwaka 2015, umbo la ndani la std::string, yaani mfuatano wa herufi, lilibadilishwa ili lilingane na kanuni za C++ za mwaka 2011. Katika maandishi ya programu haikubadilika hata herufi moja. Watengenezaji walitia alama cxx11 katika majina ya ndani, mfano wa kiambishi kitengacho ngeli, hata kiunganishi mara nyingi hukataa kuunganisha ya kale na mapya badala ya kuyaacha yaharibiane kimya. Mtumiaji huona lalamiko la jina lisilojulikana, akadhani maktaba haipo, akaiweka upya bure. Dawa ni kuifasiri maktaba hiyo kwa kompaila ileile, au kuandika _GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=0, umbo la zamani litumike, maana GCC imeyahifadhi yote mawili.

Wakati wa kuiendesha programu, libstdc++ mpya huzitumikia pia programu za zamani. Kinyume chake sivyo. Basi ile ya zamani isitangulizwe katika LD_LIBRARY_PATH.