Mti wa Kupanda Nyumbani Katika Nchi ya Garissa

Garissa, Wajir na Mandera ni nchi ya jua kali. Mji wa Garissa hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, nayo huja kwa vipindi viwili: masika, ambayo Wasomali huiita Gu, na vuli, iitwayo Deyr. Baina ya hizo ni ukavu mtupu. Kwa hiyo mtu ajengaye nyumba huko hutamani kivuli kabla ya pambo lolote, na kwa kutamani kivuli cha haraka aghalabu hupanda mti wowote aupatao.

Hivyo ndivyo mathenge ulivyoingia katika viwanja vya watu. Mti huu asili yake ni Amerika. Mwaka 1973 ulipandwa katika machimbo karibu na Mombasa, na katika miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo, Turkana na bonde la Mto Tana, ili watu wapate kuni na mchanga usipeperuke. Waliouleta hawakuwa na nia mbaya, na ni kweli kwamba huota mahali ambapo mti mwingine hufa. Lakini maganda yake ni matamu. Mifugo huyala, na mbegu hutoka salama katika samadi na kuota kila wapitapo. Miiba yake hutoboa hata tairi la gari. Sukari ya maganda yale huozesha meno ya mbuzi, hata mwaka 2006 watu wa Baringo waliishtaki Serikali katika Mahakama Kuu kwa sababu ya mti huo, wakamleta na mbuzi asiye na meno kuwa ushahidi. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa kisheria kuwa magugu mabaya. Mwenye mche wa mathenge uani kwake na aung'oe ungali mdogo, wakati ardhi ina unyevu. Ukiisha kuwa mkubwa, kuukata juu ya ardhi hakufai kitu, kwa maana kisiki huchipuka tena. Yapasa kuchimba na kukikata chini ya udongo.

Ni mti gani basi utakaofaa? Kwanza mwenye kiwanja atazame uliopo. Ni ajabu kumwona mtu akifyeka migunga yote kwa tingatinga, kisha akaenda kutafuta miche kitaluni. Mgunga mkubwa umekwisha kufikisha mizizi yake chini sana, haudai maji ya mtu, na maganda yake ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi.

Kama hapana mti, mwarobaini ndio upandwao na wengi, wala si bila sababu. Wasomali huuita geed hindi, yaani mti wa Kihindi, maana asili yake ni huko. Huwa na majani mabichi hata wakati wa ukavu, nayo ni machungu, hivyo mbuzi hawayapendi sana. Mbegu zake, hata hivyo, hubebwa na ndege, na katika misitu ya pwani umeanza kuenea wenyewe. Basi yafaa kuzifagia zinapoanguka.

Mkunazi, uitwao gob kwa Kisomali, hauna sifa kubwa mijini, lakini wastahili kupewa nafasi mbele ya mwarobaini. Ni mti wa nchi hii hasa: hutoa kivuli, matunda ya watoto na majani ya mbuzi. Mukau, ujulikanao sana Ukambani, ni wa mwenye kutaka mbao, kwa maana mchwa hawazili upesi. Lakini hupukutisha majani wakati wa kiangazi, basi si mti wa kukaa chini yake. Mwembe hustawi kando ya Tana. Aliye mbali na mto, anunuaye maji kwa mkokoteni wa punda, afikiri mara mbili.

Shimo lichimbwe kabla ya mvua, upana na kina sentimita 60, udongo uchanganywe na samadi iliyooza, na uso wake uwe chini kidogo kuliko ardhi ili maji yasikimbie. Mawe madogo yakitandazwa juu hupunguza kukauka. Maji ya udhu hayana sabuni, nayo hupatikana mara tano kila siku. Jamaa wakitawadha karibu na shina, mche mmoja waweza kupata maji bila gharama yoyote. Afadhali miche miwili inyweshwayo kuliko kumi iliyosahauliwa.

Mche uwe mbali na ukuta mita 5 au zaidi, na uzungushiwe ua wa miiba siku ile ile ya kupandwa. Mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma, na ngamia hufika juu zaidi, basi ua usiondolewe mpaka matawi yamepita kimo chao.