Nguvu ya motere inafikaje kwenye magurudumu?



Majira ya mvua motokari ikikwama, tunaitwa kusukuma. Motere inanguruma, gurudumu moja linaturushia potopoto, lingine limesimama kimya. Wengi wanasema: «Motere imekufa.» Hapana! Motere iko nzima. Sisi wa mwaka wa sita tunataka tufuate pamoja nanyi njia ya nguvu yake.

Kwanza ambreyaji: ni sahani inayobanwa na risori juu ya gurudumu zito la motere. Shofere akikanyaga pedali, sahani inaachiliwa, motere inazunguka bure. Sahani ikiisha, motere inapiga kelele lakini gari haipandi mlima, na harufu ya kuungua inasikika.

Halafu bwati ya vitesi. Motere inapenda mbio, hata mizunguko 3.000 kwa dakika. Vitesi ya kwanza inapunguza mbio hizo karibu mara 4, na nguvu ya kuzungusha inaongezeka kwa kiasi kilekile. Kwenye kamyo, kardani, kile chuma kirefu cha chini, inapeleka mzunguko paka nyuma.

Huko nyuma iko diferansieli, na ndiyo yenye akili kupita zote. Gari ikikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Kama yangefungwa pamoja, mpira mmoja ungeburuzwa. Diferansieli inayaacha yapishane mbio, lakini nguvu inayagawia sawasawa. Shida njo hiyo! Gurudumu la kwenye potopoto linateleza, haliwezi kupokea nguvu nyingi. Basi mwenzake wa pakavu anapewa kidogo hichohicho. Kwa hiyo mawe na matawi tuyaweke chini ya lile linalozunguka, si chini ya lile lililosimama (kila mara tunaona watu wanakosea hapo). Shofere aache kwanza gazi, na mtu asisimame nyuma ya gurudumu: jiwe linaweza kuruka.

Na ninyi mtakaokuwa mashofere: wengine wakishuka milima kama Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, wanatoa vitesi ili wachunge mafuta. Hapo motere na magurudumu vimeachana, motere haizuii gari tena. Freni peke yake zinabeba mzigo wote, zinapata moto sana, mwisho hazishiki. Shukeni na vitesi ileile mngepandia.