Kona ya Wima Hupandishwa

Geti unaweza kulilaza chini ukalichomelea kwa raha. Mnara wa tenki la lita 5,000, yaani tani 5 za maji, ukishasimama haulazwi tena; fundi ndiye anayeufuata. Pale kwenye kona ya wima, mabamba mawili yanapokutana kwa nyuzi 90 na chuma kilichoyeyuka kinataka kuporomoka, ndipo ninapomjua fundi.

Vijana wengi hapa mtaani Gerezani huteremsha mshono kutoka juu kwenda chini, maana ni haraka na unapendeza. Kwa bamba jembamba, sawa. Kwa la milimita 8 nakataa: uchafu ulioyeyuka huutangulia moto, chuma kinashika juujuu, na ndani ya kona hakuna kilichoungana.

Mimi napandisha. Elektrodi ya 7018 ya milimita 3.2 naipa ampea 110 hivi, pungufu ya zile za bamba lililolala. Ncha naielekeza juu kidogo, karibu sana na chuma. Chini kabisa najenga kwanza kijirafu. Tone linalofuata litakaa juu yake. Kisha kushoto natulia hadi ukingo ujae, katikati napita upesi, kulia natulia tena. Ukikawia katikati mshono unatoa tumbo, kandokando panachimbika mfereji, na ufa hupenda kuanzia humo. Jicho likae kwenye chuma kilichoyeyuka, lisivutwe na mwanga.

Kabla ya mkondo wa pili nagonga maganda yote ya uchafu ulioganda na kupiga brashi ya waya. Yakigoma kwenye kona nayachimbua kwa grenda, siyafuniki kamwe.