Butembo na Beni: Lenzi gani ya kununua kwa picha za fasi yenye mwangaza kidogo?

Wapiga picha wa Butembo na Beni wanajua vizuri jambo hili: ndoa inachelewa, jua linashuka, umeme unakatika, na ndani ya kanisa kunabakia taa moja tu. Bwana na bibi arusi wanavalishana pete. Mupiga picha anavuta lenzi yake mpaka mwisho ili sura zao zikaribie, anapiga, na picha inatoka na ukungu. Na pete haivalishwi mara mbili.

Wengi wanafikiri kamera ndiyo imechoka, wanaanza kuchanga dola ili wanunue ingine. Lakini mara mingi shida iko kwenye lenzi.

Mulango mudogo

Lenzi iko sawa na mulango wa nyumba: ukiwa mukubwa, mwangaza mwingi unaingia. Ukubwa huo unaandikwa kwenye lenzi yenyewe, na namba ndogo ndiyo mulango mukubwa. Lenzi ya 18-55, ambayo kamera nyingi zinauzwa nayo, ukiivuta mpaka 55 inafika f/5.6. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inaingiza mwangaza karibu mara 10 zaidi. Fasi ambapo ile ya kwanza inaomba sekunde 1/10, na mukono unatetemeka, hii inaomba 1/100 hivi. Hapo sura inatoka wazi.

Na flash je? Inasaidia, lakini makanisa mengine hayaitaki wakati wa ibada, na kwenye kilio inasumbua wafiwa. Katika eneo la Beni, ambapo watu wameishi na mauaji tangu mwaka 2014, mwangaza wa ghafula usiku unaweza kuwashitua.

85 ao 50?

Kwa sura ya mutu, wapiga picha wengi wanapenda lenzi ya milimetre 85 ao 90: inakaribisha kidogo, na haivimbishi pua. Lakini hesabu hiyo ni ya kamera za filamu na za kidijitali zilizo kubwa. Kamera nyingi za bei ya chini ziko na kipande kidogo cha kupokea picha. Kwa hizo, lenzi ya 50 inaonyesha sawa na 80 kwa Canon, na sawa na 75 kwa Nikon. Basi, 50 ya f/1.8 inatosha, na bei yake ni ndogo kuliko ya 85. Ukiweka 85, katika chumba kidogo utarudi nyuma mpaka ukutani.

Mbele ya kutoa feza

- Nikon za D3000 na D5000, pamoja na ndugu zao, hazina mota ndani. Chukua lenzi yenye kuandikwa AF-S. Ile ya AF-D utailenga kwa mukono.
- Lenzi ya okazyo, imulike ndani na taa ya simu. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, iache.
- Kwa f/1.8, mutu akiwa metre 2, sehemu iliyo wazi ni karibu sentimetre 11 tu. Lenga jicho. Kwa kundi, panda mpaka f/4.

Kiisha, jaribio lisilolipwa: weka 18-55 yako kwenye 50, na usiiguse jioni nzima. Ukiona fasi inakutosha, hapo ndipo uende kununua.